Gia Kubwa ya Baba Tumpe

Sogeeni, sogeeni huku. Aliyekalia mguu wa mwenzake, ainuke kidogo. Haya, masikio yote kwangu!

Kule Rungwe, kwenye migomba mingi na mvua nyingi, kulikuwa na mtoto anaitwa Tumpe.

Mvua ya huko si ya mchezo. Hata ikienda kusalimia majirani, inamwacha mdogo wake abaki ananyesha.

Tumpe alikuwa mdogo. Lakini vitu vyake vyote vilikuwa vikubwa.

Sweta lake lilikuwa kubwa. Mikono yake ilifagia uwanja, na uwanja ukawa safi kuliko sahani.

Buti zake za mvua zilikuwa kubwa. Siku moja kuku aliingia kwenye buti ya kushoto, akataga, akaatamia, akatotoa. Tumpe akavaa buti. Akashangaa. Mbona mguu unalia piyo, piyo, piyo?

Na mwavuli wa kwao je? Ukifunguliwa, kijiji kizima kinadhani usiku umeingia. Jogoo wanarudi kulala.

Usicheke wewe! Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa kwa nini vikubwa hivyo? Kwa sababu ya Baba Tumpe. Akiingia dukani, hata salamu bado, anasema hivi:

"Chukua kubwa! Ndogo ya nini? Atakua nayo!"

Basi, asubuhi moja simu ikalia. Kriii! Alikuwa Bibi, mama yake Baba. Bibi alikaa juu kabisa ya kilima.

"Ng'ombe kazaa!" Bibi akapiga kelele. "Ndama mzuri huyo! Mjukuu atakayefika wa kwanza, ndiye atampa jina. Wa pili atashangilia tu!"

Unajua kwa nini Bibi alisema hivyo? Ndama wa kwanza alipewa majina mawili. Tumpe alimpa lake, na binamu yake Gwakisa akampa lake. Mpaka leo ukimwita haji. Anakaa palepale, anasubiri kwanza mkubaliane.

Tumpe akaruka juu. Buti zikabaki chini.

"Baba! Baba! Twende! Gwakisa anataka kumwita ndama Trekta!"

"Trekta?" Baba akashtuka. "Ndama wa ukoo wetu aitwe Trekta?"

"Ndiyo, Baba. Mimi nataka aitwe Maua."

"Panda nyuma," akasema Baba. "Kwa baiskeli yangu tutafika kabla hatujaondoka!"

Tumpe akapanda nyuma, kwenye keria. Akamshika Baba kiuno. Safari ikaanza.

Kra, kra, kra... teleke! Cheni ikaruka. Mguu wa Baba ukateleza. Pua ya Tumpe ikagonga mgongo wa Baba. Pu!

Kra, kra, kra... teleke! Pua tena. Pu!

"Baba, baiskeli inaumwa?"

"Haiumwi! Inacheza ngoma. Hii baiskeli mimi nilishawahi kuipita nayo ndege. Rubani akanipungia mkono, akasema, kaka, nisubiri!"

Kra, kra, kra... teleke! Pu!

"Baba," akasema Tumpe, "pua yangu imeshakuwa chapati."

Mbele yao kilikuwepo kilima. Jina lake Hema-Hema. Kilima hicho kilikuwa kirefu, jamani! Mawingu yakitaka kupita, yanakaa kwanza chini, yanakunywa chai, ndiyo yanapanda.

Na chini ya Hema-Hema, kando ya barabara, alikaa fundi baiskeli. Jina lake Fundi Sekela. Alikuwa na nyundo, spana, kopo la grisi, na hindi la kuchoma.

"Shikamoo, Fundi," akasema Tumpe.

"Marahaba, mtoto mzuri. Pua imepatwa na nini?"

"Imepatwa na mgongo wa Baba."

Fundi Sekela akainama. Akazungusha pedali. Akatazama gia.

Gia ni lile duara la chuma lenye meno. Linakaa kwenye pedali. Meno yake yanaishika cheni na kuivuta, na baiskeli inakwenda.

"Lo!" akasema Fundi. "Baba Tumpe, meno yameisha haya. Yamebaki vijipele. Cheni itashika wapi?"

"Basi weka gia mpya," akasema Baba. "Upesi, tuna ndama wa kumpa jina."

Gia mpya zilining'inia kwenye kamba. Nyingine kubwa, nyingine ndogo. Upepo ukipita zinalia keng'e, keng'e, keng'e.

"Mnakwenda wapi?" akauliza Fundi.

"Juu," akasema Tumpe. Akanyoosha kidole Hema-Hema. Kidole kikachoka kabla hakijafika kileleni.

"Kwa kule juu, chukua hii ndogo," akasema Fundi.

Baba akacheka mpaka migomba ikatikisika.

"Chukua kubwa! Ndogo ya nini?"

"Lakini Baba Tumpe, hii kubwa ni kubwa kweli..."

"Baiskeli itakua nayo!"

Fundi Sekela akamtazama Baba. Akaitazama baiskeli. Akang'ata hindi lake.

"Haya," akasema. "Tangu nizaliwe sijaona baiskeli inakua. Labda ya kwenu inakunywa maziwa."

Akaishusha gia kubwa kuliko zote. Jamani, gia hiyo! Ungeweza kuandalia pilau la harusi, na bibi harusi akapata pa kukaa.

Kazi ikaanza. Fundi akaitoa cheni. Akaigonga pini inayoshika pedali. Ko! Ko! Ko! Pini ikachomoka, tii!

Akaivuta pedali pamoja na gia kuukuu. Akaingiza gia mpya. Akarudisha pini, ko, ko. Akakaza nati, kwi, kwi.

Cheni ikawa fupi, haiizunguki gia yote ile. Fundi akaiunga kipande. Bado fupi. Akaiunga kipande kingine. Bado. Akaunga tena na tena, mpaka ikafika.

"Tayari," akasema Fundi. "Safari njema."

Akakaa chini. Akaendelea na hindi lake. Wala hakufunga sanduku la vyombo.

Pale kwa Fundi barabara ilikuwa tambarare. Baba akakanyaga mara moja tu.

Vuuuuum!

Baiskeli ikaruka kama jiwe la manati! Migomba ikapita, mbuzi wakapita. Sweta la Tumpe likapepea nyuma kama bendera.

"Umeona?" Baba akapiga kelele. "Kubwa ni kubwa! Ndogo ya..."

Halafu kilima kikaanza.

Baba akakanyaga. Pedali ikasema, nguuu.

Baba akasimama juu ya pedali. Pedali ikasema, nguuuuuu.

Baba akakaza meno. Akakaza shingo. Akakaza hata nywele. Pedali haikusema kitu. Ilikataa tu.

Kisha baiskeli ikaanza kurudi kinyumenyume.

Sereeee...

Sereeeeeee...

Serereeeeeeeee! Mpaka kwa Fundi Sekela.

"Karibuni tena," akasema Fundi.

"Tulikuwa tunaijaribu breki," akasema Baba. "Nzuri sana."

Wakapanda tena. Vuuuum! Halafu nguuu. Halafu serereeeee!

"Karibuni tena," akasema Fundi.

"Nilisahau kukuaga," akasema Baba.

Wakapanda tena. Vuuum. Nguuu. Serereeeee!

"Karibuni tena," akasema Fundi. "Mara hii niwaandalie chai?"

Hapo Gwakisa akatokea. Alikuwa anatembea kwa miguu. Mkononi ana muwa, mdomoni ana maneno.

"Shikamoo, Mjomba!" akasema Gwakisa. "Mbona unaendesha kinyumenyume? Bibi anakaa huku mbele!"

"Marahaba," akasema Baba. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya sisimizi.

"Dada Tumpe, usijali," akasema Gwakisa. "Nitamwambia Trekta kwamba unamsalimia!"

Akaanza kupanda kilima. Huyoo! Huyooo!

Machozi yakamjia Tumpe. Moja jicho la kulia, moja jicho la kushoto.

"Baba, sasa ndama ataitwa Trekta."

"Haitwi!" akasema Baba. "Shuka. Tutaisukuma!"

Baba akasukuma mbele. Tumpe akasukuma nyuma. Lakini buti za Tumpe zilikuwa kubwa mno.

Tumpe alikwenda mbele. Buti zilibaki nyuma.

Alirudi kuzivaa. Akasukuma. Buti zikabaki tena.

Kwapu! Akaanguka. Buti moja ikaviringika bondeni, ding'i, ding'i, ding'i, mpaka kwa Fundi.

"Karibu tena, buti," akasema Fundi.

Tumpe akakasirika. Akaivua na ile nyingine. Akakanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, miguu midogo. Vidole vikashika ardhi. Nde, nde, nde, akapanda vizuri!

Akasimama. Akaitazama miguu yake. Akaitazama gia.

"Baba!"

"Nini tena?"

"Baba, baiskeli imevaa buti zangu!"

"Imevaa nini?"

"Hii gia, Baba. Haiifai baiskeli. Ni kubwa, kama buti zangu. Ndiyo maana haiwezi kupanda!"

Baba akaishika gia.  

"Lakini itakua na..."

"Baba. Baiskeli haikui."

Baba akaitazama baiskeli kutoka juu mpaka chini. Akakumbuka ilivyokuwa alipoinunua. Ilikuwa hivihivi.

"Kumbe," akasema Baba. "Haijaongezeka hata kidogo."

Wakarudi wenyewe kwa Fundi Sekela. Mara hii hawakuteleza.

Fundi alikuwa ameshaitungua gia ndogo. Alikuwa ameishika mkononi.

"Karibuni..."

"Tunajua!" wakasema Tumpe na Baba.

Baba akajikuna kichwa. Akatazama pembeni. Akasema neno ambalo hajawahi kulisema tangu meno yake ya kwanza yaote.

"Nipe... ndogo."

Ko, ko, ko! Pini nje. Gia kubwa nje. Gia ndogo ndani. Ilikuwa ndogo kama kisosi cha chai. Ko, ko. Kwi, kwi.

Sasa cheni ikawa ndefu, inalegea kama mlenda. Fundi akakata kipande. Na kingine. Na kingine. Cheni ikakaa sawa.

"Sikiliza, Baba Tumpe," akasema Fundi. "Gia hii inataka pumzi. Usiongee mpaka ufike juu."

"Mimi?" akasema Baba. "Kunyamaza? Mimi nilishawahi kunyamaza mwaka mzima, mpaka redio ikanionea..."

"Baba!" akasema Tumpe. "Kanyaga!"

Baba akakanyaga.

Cheke, cheke, cheke, cheke.

Haikwenda mbio. Kobe mmoja alikuwa pembeni, akawatazama, akapiga miayo. Lakini ilikwenda.

Cheke, cheke, cheke, cheke.

Miguu ya Baba ilizunguka upesi kama mwiko kwenye uji. Baiskeli ikapanda. Haikurudi nyuma.

Wakapita migomba. Wakapita mashamba ya chai. Wakapita wingu moja lililokuwa linapumzika. "Hodi," akasema Tumpe. Wingu likasogea.

Mbele yao wakamwona Gwakisa.

Gwakisa alikuwa anatembea na kuongea. Anatembea na kuongea. "Trekta wangu, mimi ndiye, hakuna kama mimi..."

Hema-Hema haitaki maneno. Pumzi ya Gwakisa ikaanza kuisha.

"Mimi... nd... ndi... hhhh... Trek... hhhh..."

Cheke, cheke, cheke, cheke. Baiskeli ikamfikia.

Baba akamwona Gwakisa. Loo! Maneno yakamjaa Baba kifuani. Yakapanda shingoni. Yakajaza mashavu. Baba akavimba kama chura wa masika.

Akafungua mdomo. "Mjomba, umeo..."

Baiskeli ikapungua. Che... ke... che...

Pa! Tumpe akamziba Baba mdomo. Kwa mkono wa sweta! Mkono mrefu ule, ukazunguka mara mbili, ukabaki wa kufunga fundo, akalifunga.

"Usiseme, Baba! Kanyaga!"

"Mmmmh!" akasema Baba.

Cheke, cheke, cheke, cheke! Wakampita Gwakisa.

Gwakisa akatupa muwa. Akaanza kukimbia. Hhhh, hhhh, hhhh!

Cheke, cheke, cheke! Hhhh, hhhh, hhhh! Cheke, cheke, cheke!

Nyumba ya Bibi hiyo hapo! Banda la ng'ombe lile pale!

Tumpe akachomoka kwenye sweta, akaruka kutoka kwenye keria. Miguu mitupu, nde, nde, nde, nde! Akagusa mlango wa banda.

Pa!

Gwakisa akagusa. Pa!

"Wa kwanza Tumpe!" Bibi akapiga kigelegele. Kigelegele hicho kilisikika mpaka nchi ya jirani. Na wao wakajibu.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Na yule mwanangu, mbona amefungwa sweta usoni?"

Tumpe akamfungua Baba.

Mama yangu! Maneno yote ya kilimani yakatoka kwa pamoja.

"Mmeona nilivyopanda mimi? Kilima kilikuwa kinaniogopa! Kilijiinamisha chenyewe! Mawingu yaliniambia, Baba Tumpe, tufundishe..."

Aliongea, aliongea. Kuku wakachoka kusikiliza, wakahamia kwa jirani.

Tumpe hakusikia. Alikuwa ameshaingia bandani.

Ndama alikuwa amekaa kwenye majani. Macho yake makubwa. Miguu yake miembamba. Pua yake imelowa.

Tumpe akapiga magoti. Akasogeza uso karibu.

"Ndama," akasema polepole, "mimi ni Tumpe. Nimefika wa kwanza. Nakupa jina. Jina lako ni..."

Chyaaaaa!

Ndama akapiga chafya. Usoni kwa Tumpe! Nyusi zikalowa. Mashavu yakalowa. Na ile pua ya chapati ikalowa kabisa.

Bibi, Baba na Gwakisa wakachungulia mlangoni.

Tumpe akajifuta. Akamtazama ndama. Hakuonekana hata kidogo kama Maua.

Akaanza kucheka.

"Jina lako ni Chafya!"

"Chafya?" akasema Baba. "Hapana! Jina dogo hilo! Chukua kubwa! Aitwe Mfalme wa Milima Yote na Mabonde Yake na Mito Ya..."

"Chafya," akasema Bibi. "Aliyewahi kasema."

"Chafya!" akasema Gwakisa. Alikuwa ameshapata pumzi. Akacheka mpaka akakaa chini. "Dada Tumpe, hilo jina zuri! Linashinda hata Trekta!"

Na Chafya akageuza masikio. Akasimama. Akayumba kulia, akayumba kushoto. Akamfuata Tumpe mpaka nje.

Walipomwita jina moja, alikuja.

Jioni mvua ikanyesha. Ikamleta na mdogo wake. Bibi akasema, "Hakuna kushuka leo. Laleni hapa."

Wakala ndizi za maziwa. Wakashiba mpaka matumbo yakaomba msamaha.

Bibi akatandika kitanda kimoja. Kitanda kidogo. Tumpe upande huu, Gwakisa upande ule, na Baba katikati. Miguu ya Baba ikatokea dirishani.

"Mama, huna kitanda kikubwa?" akauliza Baba.

"Sina," akasema Bibi. "Jikunje."

Baba akajikunja. Mvua ikasema tii, tii, tii. Bibi akapuliza taa. Fuu.

Macho ya Tumpe yakawa mazito. Na ya Gwakisa. Na hata ya Baba, katikati ya sentensi.

Kukawa kimya kabisa.

Kutoka bandani ikasikika...

Chyaaaaa!

"Afya, Chafya," akasema Tumpe.

Akalala.

Na wewe, fumba macho. Usiponiamini, hilo ni shauri lako na ndama.